Nimefukuzwa serikalini baada ya miaka 18, naanzia wapi?

Maswali ya wasomaji kuhusu kazi na kipato. Mwezi huu tumechagua barua tatu, zote za watu waliotoka serikalini bila kupenda au za watoto wao. Majina tumeyaficha na barua tumezifupisha kidogo.

BARUA YA KWANZA

Anti habari za kazi, sijui nikuamkie au vipi maana umri wako siujui. Mimi ni mwanaume wa miaka 44, nilikuwa Afisa Ugavi kwenye halmashauri moja huku kanda ya kati kwa miaka 18. Mwaka jana mzee wangu aliugua tukampeleka hospitali ya Bugando Mwanza, mimi ndo mtoto wa kiume mkubwa nikabaki nae, nilimuaga mkuu wangu wa kitengo kwa simu akasema nenda kamshughulikie mzee hapa tutabanana, nikakaa zaidi ya wiki tatu, kurudi nakuta barua ya kujieleza, baadae hati ya mashtaka ya utoro kazini, kamati ikaja ikanihoji na yule mkuu akasema hakumbuki kunipa ruhusa yoyote. Wiki iliyopita nimekabidhiwa barua ya kufukuzwa.

Nina mkopo wa benki bado miaka minne uishe, mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, watoto watatu na wa kwanza yuko kidato cha tatu. Tangu nipewe hati ya mashtaka nimekuwa natuma maombi kwenye makampuni, kimya, kampuni moja tu ndo iliniita na wao waliniuliza unataka mshahara shingapi nikawatajia ngazi yangu ya serikali, wakaangaliana wakacheka. Huko kijijini mama bado anawaambia watu mwanangu yuko halmashauri na watu wanaendelea kunipigia simu niwasaidie mambo yao. Rafiki zangu wengine wananambia nikimbilie CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, nikashtaki, wengine wanasema achana na serikali fungua hadwea, hela ya tofali haiishi. Miaka 18 sijawahi kuandika barua ya kuomba kazi Anti, naanzia wapi?

ANTI ANAJIBU

Kaka pole, na mzee tunamuombea nafuu. Nianze na lile lisilosubiri, ambalo nimeshakupigia simu kukwambia maana gazeti lingekukuta umechelewa, ila naliandika hapa kwa ajili ya wengine. Rufaa. Mtumishi wa umma akifukuzwa anakata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 45, asiporidhika na Tume anaenda kwa Rais, hapo ndo mwisho wa ngazi za ndani, na akitoka hapo ndo anaongelea mahakama. Hiyo CMA ya rafiki zako ni njia nzuri kwa mtu wa kampuni binafsi lakini kwa mtumishi wa umma sheria ilibadilishwa 2016, lazima umalize kwanza ngazi za ndani. Watu wanaenda CMA na wakili juu, wanazungushwa miezi, mwisho wanaambiwa shauri lenu mmelileta sipo, na siku 45 zilishapita zamani.

Kwenye rufaa yako usiandike kurasa kumi za uchungu. Kosa unalodaiwa ni kutokuwepo kazini bila ruhusa, na ukipitisha siku tano bila ruhusa mwajiri ana haki ya kukuanzishia mashtaka, kwahiyo kinachotakiwa kuonekana ni kwamba ruhusa ilikuwepo na sababu ilikuwepo. Karatasi za hospitali zenye tarehe za kulazwa na kutoka, weka. Ile simu ya kumuaga bosi, nenda kwenye ofisi ya mtandao wako uombe rekodi ya simu ulizopiga siku ile, haitaonesha maneno mliyosema lakini itaonesha namba yake na dakika mlizoongea. Alafu fungua meseji zako za zamani taratibu. Ukikuta hata moja aliyokutumia ya "mzee anaendeleaje", hiyo usiifute hata kwa bahati mbaya, maana mtu hawezi kukuuliza hali ya mgonjwa wiki ya pili alafu mbele ya kamati akasema hakujua ulipo.

Lakini usikae kibarazani kusubiri majibu ya rufaa. Inaweza kwenda muda na kidato cha tatu hakisubiri.

Hela. Nenda PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ukiwa na barua yako na kitambulisho, uliza michango yako imefika yote (wengi wanakuta kuna miezi mwajiri hakupeleka, na saivi ndo wakati wa kuidai) na uliza kuhusu fao la kukosa ajira, ambalo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita kwa anayekidhi vigezo. Aliyeacha kazi mwenyewe halimhusu, wewe hukuacha, ila vigezo vyote wakusomee wao. Na ujue kwamba miaka 18 ni miezi 216, ushavuka ile miezi 180 inayotakiwa kwa pensheni, kwahiyo anayekwambia jasho lako limepotea muache aongee. Umri wa kustaafu kwa hiari ni 55, umebakiza miaka 11.

Benki nenda kabla hawajakufuata. Wakiona makato hayajaingia miezi miwili watakuandikia barua za kutisha, ukienda mwenyewe na barua ya kufukuzwa mkononi unaweza kuomba wakurefushie muda rejesho lishuke. Uliza pia ile bima uliyokatwa siku ya kuchukua mkopo inalipia nini hasa, nyingi ni kifo na ulemavu lakini zipo zinazogusa kupoteza kazi, soma mkataba wako sio wa jirani.

Na hiyo hadwea, hapana. Sio kwamba biashara ni mbaya, ni kwamba mtu aliyetoka kufukuzwa anafungua duka kwa hasira ili watu waone bado yupo, anajaza nondo na misumari ya mkopo mwingine, mwezi wa tatu mafundi wote wa mtaani wanamdai au anawadai. Kama unaipenda kweli subiri mwaka mmoja.

Sasa CV yako, uliniambatanishia nikaisoma yote. Kaka. Inaanza na "Afisa Ugavi Daraja la Kwanza", alafu cheo cha mshahara, alafu majukumu manane uliyonakili kutoka kwenye muundo wa utumishi, na la mwisho ni "kufanya kazi nyingine atakazopangiwa na mkuu wake wa kazi zinazoendana na elimu, ujuzi na taaluma yake". Meneja wa kampuni ya kusambaza saruji hajui daraja la kwanza ni la juu au la chini, na hiyo namba nane haimwambii chochote. Yeye ana swali moja, huyu mtu akija Jumatatu kazi gani itaacha kunisumbua?

Nilikuuliza kwa simu 2021 mwishoni ulikuwa unafanya nini, ukanijibu kwa kujikunakuna eti "ah, yale madarasa ya Uviko". Yale madarasa ya Uviko! Nchi nzima zilishushwa hela za Uviko, yani za kukabili corona, za kujenga madarasa 15,000, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, kwa muda mfupi kila mtu anagombania saruji na nondo zile zile, bei inapanda ukiangalia, na kazi inaenda kwa fosi akaunti yani hakuna mkandarasi wa kumbebesha lawama, ni kamati za shule, mafundi wa kijijini na wewe. Ukaniambia saruji ilipoadimika mlikaa na wenzako wa wilaya jirani mkaagiza pamoja moja kwa moja kwa msambazaji, malori yakagawana njia. Hilo halipo popote kwenye CV! Liandike hivi: "Mwaka 2021 nilisimamia ununuzi wa vifaa vya ujenzi wa madarasa kwa fosi akaunti, saruji ilipoadimika niliunganisha oda za wilaya mbili kununua kwa msambazaji mkuu", na weka idadi ya madarasa unayoijua na tarehe yaliyokamilika. Mistari mitano ya aina hiyo inatosha, yale majukumu manane yafute.

Alafu angalia hao watu wanaokupigia simu wakidhani bado uko halmashauri, ambao naona wanakuchosha. Wanauliza nini? Ulinambia wengi wanauliza tenda zinapatikanaje, au tumeomba tukatolewa bila kujua kwanini. Hapo ndo pana kazi. Tangu 2023 manunuzi ya serikali yamehamia kwenye mfumo wa mtandaoni unaoitwa NeST na mafundi wenye vikampuni vidogo, kina mama wa mapishi, vijana wa stesheneri, wengi wamejisajili kwa kusaidiwa na kijana wa intaneti kafe na hawajui hata nywila yao. Wanatupwa nje kwa vitu vidogo, leseni imeisha wiki moja nyuma, hati ya kodi ya TRA haijapandishwa, fomu ya bei imejazwa bila kodi. Na kuna ile asilimia 30 ya bajeti ya manunuzi inayotengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, vikundi vingi wanaisikia kwenye hotuba tu. Wewe umekaa upande wa pili wa meza miaka 18 unajua karatasi ipi inamtoa mtu. Hiyo huduma inalipiwa.

Ila masharti mawili, na hapa sikubembelezi. Usiende kuifanya kwenye halmashauri yako ya zamani walau kwa sasa, rufaa yako iko mezani na wenzako wa kitengo watawekwa pabaya. Na toza kwa kazi, yani kuandaa zabuni moja ni shilingi kadhaa washinde wasishinde, usikubali kabisa "ukitupatia tunakupa asilimia kumi", maana siku ikichunguzwa utaonekana ulikuwa dalali wa mlungula na hakuna atakayekuuliza ulikuwa unatengeneza nini. Lipia pia ada yako ya PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi. Usajili ule ni wako sio wa halmashauri, na ukiendelea kuwa hai kwenye bodi mwajiri yeyote anajua taaluma yako haijafutwa.

Kwenye intavyuu watakuuliza kwanini ulitoka serikalini na najua umejiandaa kusema "nilitafuta changamoto mpya". Usiseme. Kanda ya kati ni ndogo, wakitoka hapo wanapiga simu moja tu. Sema "nilimuuguza mzazi wangu, nikashtakiwa kwa utoro, ajira ikakoma, nimekata rufaa na iko Tume", kisha nyamaza. Sentensi hiyo aibu iko wapi? Wangapi mezani pale hawajawahi kuuguza? Kwenye mshahara, piga hesabu ya hela unayohitaji kuingia nayo nyumbani, rudishia juu yake kodi ya mshahara (PAYE) na mchango wa mfuko, serikalini ulikuwa unakatwa asilimia 5 na mwajiri anaweka 15, huku kwenye kampuni chini ya NSSF, mfuko wa sekta binafsi, kawaida ni 10 wewe 10 wao, hiyo inapunguza mfukoni. Taja namba, ngazi usitaje.

Na mama mwambie. Mwenyewe, uende, sio kwa simu.

BARUA YA PILI

Dada yangu salaam. Mimi ni mama wa miaka 52 niko Shinyanga, nilikuwa muuguzi miaka mingi mpaka 2017 nikaondolewa kwenye lile zoezi la kuwatoa watumishi wenye vyeti feki, cheti cha kidato cha nne kilikuwa cha dada yangu marehemu, sitaki kujitetea. Tangu hapo nauza vitenge na maandazi. Sasa kuna mtu ana duka la dawa amenifuata anasema njoo ukae hapa uwe unachoma sindano na kuwatundikia watu dripu chumba cha nyuma, atanilipa vizuri na wateja wananikumbuka nilivyokuwa na mkono mwepesi. Mikono yangu bado inajua kazi. Nikubali?

ANTI ANAJIBU

Usikubali dada, hata akuongeze mara mbili.

Duka la dawa haliruhusiwi kuchoma sindano wala kutundika dripu, hata lingekuwa na muuguzi mwenye leseni, na wewe leseni huna. Siku mtoto akipata mzio wa dawa akazimia kwenye hicho chumba cha nyuma, mwenye duka atasema huyu mama ndo alinambia ni nesi. Orodha ya kwanza ya 2017 ilikuwa na majina 9,932, wengi wao hawakupelekwa mahakamani, wewe ulishapita hapo salama, usijirudishe mwenyewe kwenye mikono ya polisi kwa ajili ya hela ya mwezi.

Kuna kitu hujakigusia kwenye barua yako. Oktoba 2022 serikali ilitangaza kwamba walioondolewa kwa vyeti warudishiwe michango yao wenyewe, ile waliyokatwa kwenye mshahara, malipo yakaanza Novemba mwaka huo. Ulifuatilia? Kuna watu mpaka leo hawakwenda kwa aibu ya kukaa foleni moja na waliowahi kufanya nao kazi. Nenda ofisi ya PSSSF mkoani na kitambulisho na taarifa zako za benki uulize faili lako limefikia wapi, utakutana na mfanyakazi kijana ambaye hata hakujui.

Kuhusu mikono, ipo kazi inayoihitaji na haihitaji leseni, mradi usijiite nesi. Kukaa na mzee aliyepooza, kumgeuza asipate vidonda, kumuogesha, kumlisha, kumkumbusha dawa alizoandikiwa na daktari. Au mama aliyejifungua kwa upasuaji ambaye mkwe wake yuko mbali. Mjini watu wanatafuta mtu wa hivyo wanamkosa, wanaishia kumbebesha dada wa kazi wa miaka 17 ambaye anaogopa hata kumgusa mgonjwa. Makubaliano yaandikwe, siku za kazi, saa za kulala, malipo, na wewe sio wa kufua nguo za nyumba nzima. Ukiona presha imepanda ama kidonda kinatoa harufu, waambie ndugu wampeleke hospitali, usimalizie mwenyewe.

Na kama inakuuma sana ile elimu, mtihani wa maarifa, ile QT, hauna umri, ukifaulu unakwenda kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea kwa jina lako. Sikwambii ufanye, nakwambia upo.

BARUA YA TATU

Anti shikamoo. Baba yangu alikuwa mtendaji wa kijiji huku Masasi, mwaka juzi akafukuzwa sababu ya hela za POS, ile mashine ya kukusanyia ushuru, alikusanya ushuru akazitumia kidogo mama alipofanyiwa operesheni akijua atarudisha, na alirudisha zote ila barua ikawa imeshatoka. Saivi anashinda ndani. Mwenyekiti wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, alinambia mimi wanahitaji mtu wa kuandika kumbukumbu msimu wa korosho, nikamwambia baba, akanifokea eti anataka awe karani wa kubebeana magunia na watu aliokuwa anawaitia mkutano. Nimfanyeje? Mimi ndo nalisha nyumba nzima na nauza chipsi tu.

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kubeba nyumba.

Kosa ni la mwenyekiti, ujumbe wa namna hiyo haupitii kwa mtoto. Baba yako alikuwa anafuatwa nyumbani na watu wazima wenzake kwa mambo ya mipaka ya mashamba na ndoa, leo kazi analetewa na binti anayekaanga chipsi, wewe ungeipokeaje? Mwambie mwenyekiti aje mwenyewe, jioni, na mtu mwingine mmoja wa bodi, wakae na baba yako wamueleze shida yao. Na shida wanayo kweli. Korosho inauzwa kwa stakabadhi ghalani tangu 2007, kila gunia la mkulima lina karatasi, kuna uzito wa kwenye chama na uzito wa ghala kuu, kuna daraja la kwanza na la pili, mnada ukipita hela inaingia kwenye akaunti ya mkulima, na jina likikosewa herufi moja au namba ya akaunti ikirukwa tarakimu, mtu anakaa mpaka Januari hajalipwa na anakuja kuvunja meza ya ofisi. Mtu anayeandika vizuri, anayewajua wakulima kwa ukoo na anayeweza kutuliza mkutano uliochafuka hapatikani kirahisi. Wamwambie hivyo, hivyo hivyo, wasimwambie tumekuonea huruma.

Lakini mwanangu kuna jambo wewe hukuliuliza. Baba yako asishike hela msimu huu wa kwanza, wala asiwe mmoja wa wanaosaini benki, hata wakimpa. Simuhukumu, operesheni ya mke ni kitu kingine na alirudisha. Ila kijiji kinajua habari ya POS, na siku upungufu wowote ukitokea AMCOS hata wa mizani mbovu, jina la kwanza kutajwa litakuwa lake. Ashike daftari na mihtasari, hela zishikwe na wengine, na alisema hilo yeye mwenyewe mbele ya bodi siku hiyo hiyo watakayokuja. Akilitamka yeye atakuwa ameweka sharti lake kama mtu mzima, wakilitamka wao itakuwa wamemkumbusha.

Minada huwa inaanza Oktoba, na vyama vinapanga watu mapema, kwahiyo mfuate mwenyekiti wiki hii. Na siku wakija wewe uwe kwenye chipsi zako, usikae sebuleni.